Wa Kwanza Kwenye Orodha

Mpini wa jiliwa ulikuwa bado haujazunguka mara ya tatu.

Hapo ndipo tulipomwacha Fundi Jumamosi iliyopita, msomaji wangu: mkono wa kulia umebanwa kwenye jiliwa lake mwenyewe, lile lile ambalo kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akibania funguo za watu. Mzunguko wa kwanza ulibana ngozi. Wa pili ukabana nyama. Wa tatu unabana nini, aliyewahi kushika chuma hahitaji kuambiwa.

Mkwe wa Sonara alitemea mate viganja vyake, akaushika mpini.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Ufunguo wa pili ulimkatia nani?"

"Sijakata wa pili."

"Kasha la mama mkwe limefunguliwa bila mkwaruzo. Halikutobolewa, halikuchokonolewa. Ufunguo aliokutengenezesha analala nao shingoni. Huo mwingine umetoka wapi, umeota kama uyoga?"

Sonara mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani, mama mtu mzima mwenye vidole vyembamba vya kushikia vito. Macho yake hayakuwa kwenye mkono wa Fundi. Alikuwa anatazama sakafu.

"Mwanangu, sema tu," alisema. "Ile mikufu ingekuwa yangu ningenyamaza. Ni ya watu. Wameniletea niwaungie, na kesho wanaanza kuja kuichukua. Nitawavika nini, uzi?"

"Mama, haki ya Mungu, ningekuwa mwizi ungenikuta hapa?"

"Wezi wajinga wapo," Mkwe alisema.

Simu ya kazi ikalia mezani. Ilikuwa mara ya saba tangu wageni hawa waingie na kuteremsha mlango wa bati nusu. Mkwe aliinyakua kwa hasira, akaiweka sikioni.

"Ni kwa fundi kufuli?" sauti ya mwanamke ilisikika hadi kwenye benchi. "Nimekuona wa kwanza huku kwenye simu. Nimefungiwa nje, baba, na chungu kiko motoni."

"Fundi amebanwa," Mkwe alijibu, akakata.

Akacheka peke yake. Kisha akazungusha.

Kidole cha kati kilivunjika kwa mlio mdogo, kama kijiti kikavu. Fundi aliuma ukosi wa shati lake hadi kifungo kikang'oka mdomoni. Jasho lilimtoka puani. Hakupiga kelele. Mtu mwenye kiburi cha kazi hupiga kelele kwa ndani.

"Bado vinne," Mkwe alisema.

Sasa usije ukajiuliza kwa nini simu ya fundi mmoja wa uchochoroni inalia namna ile. Miezi mitatu nyuma ilikuwa hailii kabisa. Ukiandika kwenye simu kwamba unatafuta fundi kufuli, wa kwanza kutokea alikuwa Mzee Tupa wa mtaa wa juu, ambaye ndiye aliyemfundisha Fundi kazi. Wakafuata wengine. Fundi alikuwa chini kabisa, mahali ambapo kidole cha mtu hakifiki, na alama yake kwenye ramani ilikuwa imesimama nyuma ya vyoo vya soko.

Ndipo dada yake mdogo alipoingia kazini. Kwa mdomo wake watu walimwita Chiriku, naye alilipokea jina hilo kama cheo. Aliihamisha alama ikakaa mlangoni. Akaandika saa za kazi na namba ya simu. Kila mteja aliyetoka na mlango wake umefunguka aliombwa aseme neno moja kwenye ukurasa wa duka mtandaoni, na Chiriku hakumwachia mpaka aliseme. Kisha akafika kwenye maelezo ambayo Fundi aliyaandika mwenyewe kwa majivuno: Mtaalamu wa Mifumo ya Usalama wa Milango.

"Kaka, toa hii."

"Hiyo ndiyo kazi yangu."

"Mtu aliyefungiwa nje, mvua inamnyea, anatafuta mifumo? Anaandika anavyolia."

Akafuta, akaandika vilio vya watu: nimefungiwa nje, ufunguo umevunjikia ndani, kitasa kimegoma. Wiki ya sita Fundi akawa wa kwanza. Yeye hakuufungua ukurasa ule hata siku moja. Akiulizwa alisema, "Mimi nafungua milango, sifungui kurasa."

Kumbuka maneno hayo. Yamemgharimu kidole.

Tunarudi dukani. Mlango wa bati ulisogea juu kidogo, akaingia mtu kwa kuinama. Chiriku. Alikuwa anatoka kupiga picha ya geti ambalo kaka yake alilitia kitasa jana. Aliinua kichwa, akaona mkono, akaona jiliwa, akaona damu iliyokuwa ikidondoka juu ya chenga za shaba.

Hakuuliza. Alimrukia Mkwe shingoni.

Mkwe alimpokea kwa kofi la mgongo wa mkono. Chiriku akaruka hadi kwenye ubao wa funguo mbichi, ambazo hazijachongwa meno, ubao ukang'oka ukutani, funguo mia mbili zikamwagika juu yake kama mvua ya mawe.

"Mguse tena," Fundi alisema polepole.

"Nikimgusa utanipiga na nini? Mkono wako nimeutunza mimi."

"Kaka, wanataka nini hawa?"

"Wanasema nimemkatia mwizi ufunguo wa kasha la Mama Sonara."

Chiriku alijifuta damu ya mdomo. "Ufunguo gani? Ule mrefu, kichwa duara kama sarafu?"

"Meno sita," Sonara alisema, na kwa mara ya kwanza akainua macho. "Unaujua?"

Hapo Chiriku angeweza kunyamaza. Mdomo uliponza kichwa, na kichwa hiki kilikuwa kimekwisha ponzwa mara moja. Alimtazama kaka yake. Alikitazama kile kidole.

"Ni mimi niliyeutoa," alisema.

Mkwe aliuachia mpini. "Umesikia, mama? Umesikia? Ulimpa nani, wewe?"

"Nilimpa kila mtu."

Akachomoa simu mfukoni, akawageuzia kioo. Ufunguo ulikuwa umelazwa juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, unang'aa, kila jino limesimama wazi, kila bonde limetiwa mwanga. Ilikuwa picha nzuri. Wallahi, ilikuwa picha nzuri kupita kiasi.

"Ukurasa unataka picha mpya kila wiki," alisema. "Tukikaa bila kuweka, tunashuka. Wiki ile kazi iliyopendeza zaidi ilikuwa hiyo. Nikaiweka."

Fundi aliitazama picha ile kwa muda ambao hata maumivu yalimsubiri.

"Chiriku," alisema. "Ufunguo ni uchi wa nyumba. Haupigwi picha."

"Hukuniambia."

"Nilidhani ni jambo ambalo kila mtu analijua."

"Mimi si fundi, kaka. Niliona chuma kizuri."

Ndiyo hivyo. Kwa mtu wa kawaida ufunguo ni pambo la mfukoni. Kwa fundi, ukimwonyesha mara moja amekwisha ukata kichwani. Kaka hakusema kwa sababu lilikuwa jambo dogo mno la kusemwa. Dada hakuuliza kwa sababu lilikuwa dogo mno la kuulizwa. Katikati ya udogo huo mikufu ya watu ikaenda.

Mkwe alikuwa amechangamka kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi kesi imekwisha. Mwizi ni dada. Mama, tunamtoa huyu kwenye chuma, tunamtia huyo. Ataje alioshirikiana nao." Akamshika Chiriku mkono, akauvuta kuelekea mezani.

"Ngoja," Fundi alisema. "Picha peke yake haitoshi."

"Haitoshi nini?"

"Inaonyesha urefu na meno. Haionyeshi unene. Ukikata kwa shaba nyembamba, ufunguo unacheza ndani. Ukikata kwa nene, hauingii. Kasha lile ni jeuri, halisamehe. Aliyekata alijua unene, na unene naujua mimi tu."

"Unaujua wewe tu wapi?" Mkwe alisema, bado akivuta mkono wa Chiriku. "Si huyu dada yako alitangaza? Mbili na nusu, kaandika hapo hapo."



Mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa ikinguruma nyuma ya ukuta.

Sonara aliinuka kwenye benchi taratibu.

"Mkwe wangu," alisema, "simu anayo yeye. Ametuonyesha picha, hajateremsha chini hata kidogo. Wewe umesoma wapi?"

"Nimebahatisha."

"Umebahatisha. Wewe ambaye hata chumvi ya mboga hujawahi kuibahatisha."

Chiriku aliteremsha ukurasa kwa kidole gumba. Ndiyo, swali lilikuwapo chini ya picha, na nyota tano juu yake, limeandikwa na mtu aliyejiita Mpenda Chuma: Kazi safi sana. Hiyo shaba ina unene gani? Na chini yake jibu la Chiriku mwenyewe, la adabu, kwa kuwa swali lisipojibiwa nalo linakushusha: Asante mteja wetu. Milimita mbili na nusu. Karibu tena.

"Mpenda Chuma," Sonara alisema. "Baba wa wajukuu wangu."

Mkwe alifumba macho kidogo. Alipoyafumbua hakuwa mkwe wa mtu tena.

Aliuchomoa mpini kwenye jiliwa, nondo ya urefu wa mkono, akamzungushia mama mkwe wake upande wa taya. Sonara alianguka pamoja na benchi. Meno mawili yaliteleza sakafuni yakaenda kulala kati ya funguo.

Chiriku alimpanda mgongoni, akamuuma sikio, akalivuta. Mkwe alilia kwa sauti nyembamba ya kushangaza, akarudi kinyumenyume kwa kasi na kumgonga msichana kwenye pembe ya kabati, mara moja, mara mbili. Ya tatu ilimlegeza. Alianguka akiwa na kipande cha sikio mdomoni.

Fundi mkono mmoja ulikuwa jela. Mkono wa kushoto ukapapasa meza, ukakuta tupa, ile ndefu yenye pembe tatu na ncha kama mkuki. Mkwe alipopepesuka kupita karibu, Fundi aliizamisha pajani mwake hadi ikagonga mfupa.

Mkwe aliipiga nondo mezani, ikaukosa uso wa Fundi kwa upana wa nywele. Akaichomoa tupa kwa mikono miwili, akaitupa. Alilipiga teke debe la mafuta ya taa ambalo Fundi alioshea vitasa vyenye kutu, mafuta yakatambaa chini ya rafu. Akawasha kiberiti. Akakiangusha.

Kisha akatoka akiburuta mguu, na mlango wa bati ukashuka hadi chini. Kufuli lililokuwa likining'inia nje na ufunguo wake likalia. Nukta chache baadaye taa zikazimika na mashine ya kukatia chuma, ambayo ndiyo pekee ingeweza kulipasua lile bati, ikafa pale ilipokuwa, maana swichi kuu ya duka iko ukutani, upande wa barabarani.

"Chiriku. Chiriku, amka, mdogo wangu. Tafuta spana."

Chiriku aliamka akitapika. Moto ulimwonyesha njia. Aliipata spana, akaikamatisha kwenye parafujo ya jiliwa, akazungusha kwa uzito wake wote. Mkono wa Fundi ukatoka. Kidole cha kati hakikuwa tena na umbo la kidole.

"Fungua mlango, kaka. Wewe ndiye fundi."

"Kufuli liko nje. Ndani hakuna hata tundu la kuingiza sindano. Bati hili nililichagua mimi kwa sababu hiyo hiyo."

Waligonga. Walipiga kelele hadi koo zikawasha. Jirani alikuwa anasaga, na mashine yake haikuwahi kumsikia mtu. Chiriku aliwapigia simu zimamoto. Walimjibu vizuri, wakamuuliza mtaa vizuri, wakamwambia gari liko upande wa pili wa mji. Rafu ya kwanza ilianguka. Makopo ya rangi yakaanza kupasuka moja moja.

Sonara alikuwa ameketi sakafuni, damu imejaa kidevuni. Akili yake ilikuwa nusu. Akatoa simu yake mkobani na, kama afanyavyo kila aliyefungiwa, akaandika: fundi kufuli karibu nami. Akabonyeza wa kwanza.

Simu ya kazi ikalia pale mezani.

Wote watatu waliitazama. Ilikuwa inalia na kucheza juu ya meza yenye damu, kwa bidii, kama mtumishi mwema. Chiriku alianza kucheka, kicheko kibaya kisicho na mtu ndani yake.

"Acha," Fundi alisema. "Mama, mpigie wa pili."

Wa pili alikuwa Mzee Tupa. Alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Fundi aliitwaa simu kwa mkono wa kushoto.

"Mzee wangu, shikamoo, ni mimi. Tunaungua dukani, tumefungiwa kwa nje. Njoo na mkasi wa chuma, upesi."

"Marahaba. Mkasi sina haja nao," Mzee Tupa alisema. "Ufunguo ninao. Kaniachia mkwe wa watu wakati anakimbia."

"Uko wapi?"

"Inama utazame."

Fundi alilala kifudifudi. Kwenye upenyo mwembamba chini ya bati, ambako hewa ilikuwa bado hewa, aliona viatu viwili vya ngozi vilivyopigwa rangi, vimetulia kando kwa kando, kama vya mtu anayesubiri zamu kwa kinyozi.

Alikata simu. Haikuhitajika tena.

"Mzee. Ni wewe uliyemkatia."

"Mkono ni wangu." Sauti ilishuka karibu na upenyo. "Meno sita, kwa macho tu, kutoka kwenye picha yenu. Ukaingia kwenye kasha mara ya kwanza, bila kupigwa tupa tena. Nani mwingine katika mji huu? Na nani alinipigia kunisifu?"

"Kuna mama humu ndani. Kuna mdogo wangu. Wewe umemwona akizaliwa."

"Ndiye nimemjia. Mwezi na nusu, mwanangu, simu yangu imekuwa saa. Naitazama kujua muda. Watu wanapiga wa kwanza, wanafunguliwa, wanalala. Nani anampigia wa pili? Chiriku, unanisikia?"

"Nakusikia, babu."

"Futa ukurasa. Wote. Picha, maswali, majibu yako ya adabu, sifa za wateja. Nimeshika simu yangu hapa. Nitaandika fundi kufuli. Nikijiona wa kwanza, nafungua."

Kopo jingine lilipasuka. Cheche zikamwangukia Sonara kichwani, Fundi akazizima kwa kiganja chake kizima.

"Kaka," Chiriku alinong'ona, "swali la unene limo humo. Ndio ushahidi pekee tulio nao."

"Ushahidi wa maiti ni wa nini?" Sonara alisema kwa taya lililohama. "Futa, mwanangu."

"Futa," Fundi alisema.

Chiriku alibonyeza. Simu ikamuuliza kwa upole kama ana hakika. Alibonyeza tena. Wateja mia moja na arobaini na wanane waliosema neno jema wakatoweka, na geti, na picha, na kazi ya miezi mitatu.

"Nimefuta, babu."

"Vizuri. Ngoja nitazame."

Walisikia ukucha wa mzee ukigonga kioo, herufi baada ya herufi. Hapo Chiriku alimshika kaka yake begani, na vidole vyake vilikuwa vya baridi katikati ya joto lile lote.

"Kaka. Kuna kitu mzee hakijui."

"Kitu gani?"

"Orodha haibadiliki papo hapo. Ukifuta leo, ukurasa unakufa, lakini jina linabaki pale pale juu. Siku mbili. Wakati mwingine tatu."

Fundi alimziba mdomo kwa mkono wa kushoto. "Usimwambie."

Nje, ukucha ulinyamaza. Viatu vilisogea hatua moja kuelekea kwenye kufuli, vikasita. Moshi ulikuwa umekwisha shuka hadi kwenye magoti, na wote watatu walikuwa wamelala chini, mashavu juu ya saruji, wakivuta pumzi kwenye upenyo mmoja.

"Chiriku," Mzee Tupa alisema, na sauti yake haikuwa na haraka yoyote. "Mbona bado mko wa kwanza?"